Kutoka Zero Mpaka Mia

Butembo ya miaka ile ya vita haikuwa na hata kilometa moja ya lami ya kujivunia, lakini patron wangu, tajiri aliyeniajiri, alikuwa na magari mawili ya mbio. Kwa kuyaangalia tu ungedhani ni magari ya baba wa familia: milango minne, viti vitano, na nyuma nafasi ya magunia mawili ya viazi. Ukiwasha injini ndipo ulipojua umemwamsha nani. Moja lilikuwa jeusi, alilileta kutoka Dubai pamoja na vitenge vyake. La pili lilikuwa la kijivu, lilitoka Uingereza, likapita Mombasa na Kampala, likaingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi, volani yake, yaani usukani, ikiwa upande wa kulia. Yote mawili yalishinda ndani ya dépôt, ghala lake, yamefunikwa turubai, kati ya baiskeli na masanduku ya misumari, kwa sababu barabara zetu zilikuwa mashimo matupu, na pale palipokosa shimo palikuwa na barrière, kizuizi cha askari.

Mimi nilikuwa secrétaire wake. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye diploma ya shule, mashine ya kuandikia iliyokosa herufi moja, na kiburi kingi kuliko mshahara. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mwalimu wa gymnastique, mazoezi ya viungo, kwenye shule yetu ya Waprotestanti, na kitu alichoniachia ni chronomètre yake ya chuma, saa ile aliyowapimia watoto mbio kwa miaka ishirini. Alizoea kusema kwamba sekunde haina mjomba, maana yake haipendelei mtu. Nilikua nikiamini hivyo, na nilikuwa mtu wa kuudhi kabisa kwa jambo hilo. Mtu akiniambia amengoja saa nzima, namwambia hapana, ni dakika arobaini na tatu.

Kila gari lilikuwa na dereva wake. Wa gari jeusi alikuwa mtu mzima, shemasi wa kanisa letu, mwenye mke na nyumba iliyojaa watoto. Wa gari la kijivu alikuwa kijana kutoka Kasugho, kule msituni, aliyejifunzia udereva Kampala. Huyo ndiye aliyekuwa wangu. Nasema wangu kwa sababu mimi na yeye tulijua, ingawa hakuna mtu aliyetutangaza popote. Aliniita Secrétaire, kwa kinywa kipana, utadhani ni cheo cha askofu. Mimi nilimwita Chauffeur. Akirudi kwao aliniletea asali ndani ya chupa iliyozibwa kwa jani la mgomba, akaiweka juu ya mashine yangu, kisha akasimama mlangoni kungoja nimgombeze kwa kuichafua karatasi. Nilimgombeza kila mara. Nilipenda sana kumgombeza.

Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa Mkatoliki. Mama yangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu, alinusa jambo hilo kabla sijalisema.

"Mutoto yangu," aliniambia siku moja tukimenya maharagwe, "ule kijana iko muzuri, mais njia ya kanisa yake haifike kwetu. Hapana kunipatisha haya mbele ya batu ya kwaya."

Niliendelea kumenya. Nilijiambia kuna wakati. Nani anaharakisha neno kama hilo akiwa na miaka ishirini na miwili?

Basi patron akaamua kubaki na gari moja. Askari walikuwa wameanza kuyaulizia magari yake kwa jina la rangi, na kwetu askari akiuliza habari za kitu chako mara tatu, mara ya nne anakuja kukichukua. Alituita ofisini, madereva wawili na mimi. Mkononi alikuwa na gazeti la magari la Kifaransa, limechanika jalada, alilolichukua kwenye hoteli kule Dubai. Alikuwa amejifunza humo maneno matatu, na aliyasema kama mtu anayesoma Zaburi: de zéro à cent.

"Musikilize," alisema. "Barabara ya Beni, batu banatokea mu majani. Pale haiko kukimbia sana njo kunaokoa mutu. Ni kuondoka mbio. Donc tutapima. Kutoka zero mupaka mia. Yenye itafika ku mia ya kwanza, ile njo itabakia na mimi hapa, na chauffeur wake. Yenye itachelewa itarudishwa Kampala kuuzishwa, na chauffeur wake atabakia kule, atanichungia dépôt ya kule."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mutoto yangu, uko na chrono ya marehemu. Utaikala pembeni yao. Sindano ikigusa mia, unaita: Mia! Yeye anaachilia mafuta. Chauffeur yeyote hapana kufungua kinywa. Mutu wa chrono peke yake njo anasema."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yule niliyempenda atabaki Butembo au ataenda Kampala, ng'ambo ya mpaka uliokuwa ukifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha soko, na mwenye kuhesabu ni mimi. Sikulala vizuri juma lile. Siwaongopei, nilianza kumwomba Mungu wa baba yangu aibariki injini ya Mkatoliki.

Mahali pekee palipofaa palikuwa Rughenda, kwenye uwanja wa ndege. Ulikuwa udongo mwekundu ulioshindiliwa, umenyooka, na askari waliokuwa wakiulinda walituruhusu asubuhi moja kwa kreti mbili za bia, kabla ndege za mizigo hazijaanza kushuka. Tulingoja ukungu upande. Mbuzi wakafukuzwa. Patron alisimama pembeni na koti lake refu na gazeti lake, akiyaangalia yale magari mawili kama baba anayeozesha mabinti wawili siku moja.

Kabla ya kuanza alichungulia ndani, akasoma compteur za mwendo. Ya gari jeusi ilikuwa na namba mpaka mia mbili sitini. Ya gari la kijivu iliishia mia moja sabini. Akacheka.

"Aah! Hii ya Baingereza, hata yenyewe inajua mwisho yake!"

Sote tukacheka, hata shemasi. Chauffeur wangu hakucheka. Alikuwa anafuta kioo.

Tulianza na gari jeusi. Nilikaa kulia kwa shemasi, chronomètre kiganjani, macho yangu kwenye sindano. Alisali kidogo, akakanyaga. Kichwa changu kiligonga kiti. Kokoto zilipiga chini ya gari kama mahindi kwenye sufuria, na sindano ikapanda: arobaini, sitini, tisini. "Mia!" nikaita, nikafinya. Sekunde kumi na moja kamili. Shemasi akaachilia mafuta, tukarudi polepole, naye akiuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika. Nilimwambia chrono ya baba haina mjomba.

Ikafika zamu ya gari la kijivu. Kwa vile volani ilikuwa kulia, mimi nilikaa kushoto, mahali ambapo kwetu hukaa dereva, nikajisikia mjinga, mikono mitupu mbele ya dashibodi. Yeye alikuwa amevaa shati jeupe la misa. Hakuniita Secrétaire. Alisema tu, "Uko tayari?"

Nikasema niko tayari. Na hapo nitaungama jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote wa kanisa letu: niliiba. Alipokanyaga mafuta, sikufinya. Nilihesabu moyoni moja, ndipo nikafinya. Binti wa mwalimu yule, kwa chronomètre ileile, nilimpa yule kijana sekunde moja ya bure ili abaki.

Gari liliruka. Sijui neno jingine. Lile jeusi lilisukuma, hili lilinyakua. Mikaratusi ya pembeni ikawa ukuta mmoja. Nilitazama sindano, ikapita hamsini, ikapita sitini kidogo, nikatupa jicho kwenye chrono: tisa. Na wakati uleule yeye alinitazama. Mara moja tu, haraka, kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Nikadhani ananitia moyo. Nikamtabasamia, na nikangoja mia.

Ikapita sabini. Themanini. Niliona mwisho wa uwanja unakuja, na mbuzi wamesimama kule kututazama. Mwili wangu ulikuwa unaniambia kwamba sijawahi kwenda mbio hivi maishani, kwamba gari jeusi halikuwa hata nusu ya hili, na mimi nikauambia mwili wangu unyamaze, kwamba huo ni moyo wa msichana aliyekaa karibu na mtu anayempenda. Namba ni namba. Tisini. Alishika volani kwa mikono miwili, hakunitazama tena. "Mia!" nikapiga kelele, naye akakanyaga breki, tukateleza, tukageuka ubavu, tukasimama hatua chache kabla ya majani.

Sekunde ishirini, na hapo nilikuwa nimeiba moja.

Tulirudi mwanzo wa uwanja. Patron akafungua mlango wangu. Niliandika kwenye kitabu, gari jeusi kumi na moja, gari la kijivu ishirini. Chauffeur wangu alisimama ng'ambo ya boneti akinitazama. Nilifunga kitabu. Sikuweza kumtazama, kwa sababu nilikuwa nimeiba sekunde kwa ajili yake na bado nimeshindwa kumwokoa.

"Ishirini!" patron alisema. "Hata camion ya bia inafika pale na ishirini!"

Kijana wangu hakufungua kinywa. Ilikuwa amri, na alikuwa mtu wa adabu.

Alisafiri baada ya siku nne. Patron alinituma niende naye mpaka Beni, kwa sababu makaratasi ya gari yalihitaji mihuri ya ofisi za kule kabla ya mpaka. Kilometa hamsini na nne, nasi tulitumia asubuhi yote, katikati ya msafara wa malori, tukisimamishwa kila barrière. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilitaka kumwambia usiende, au nenda lakini nitakuja, au mwambie padri wako aongee na mchungaji wangu. Kila nilipofungua kinywa nilikumbuka ile ishirini niliyoiandika kwa mkono wangu, na haya ikanifunga midomo. Naye alikuwa baridi. Aliwajibu askari, aliwajibu wauza ndizi waliokuja dirishani, mimi hakunijibu ila kwa ndiyo na hapana. Nilidhani anaomboleza kushindwa. Wanaume na magari yao, nikasema moyoni, na nikakasirika kidogo, maana mimi ndiye niliyekuwa nabaki.

Kule Beni alinishusha kwenye rond-point, mzunguko wa barabara. Aliniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Haya, Secrétaire. Bakia na amani." Nikasema na wewe pia. Gari likaondoka kuelekea Kasindi, nami nikasimama pale na bahasha ya mihuri mkononi mpaka vumbi likatua.

Aliandika barua mbili, za mambo ya dépôt tu, kwa patron. Mimi niliandika tano na sikutuma hata moja. Nilimtamani kwa namna ya kipumbavu kabisa. Nilinusa asali za watu sokoni. Nilichafua karatasi zangu mwenyewe, hakuna aliyekuja kusimama mlangoni. Jumapili nilipita nyuma ya kathedrali ili tu nisikie watu wa kanisa lake wakitoka, na mama yangu, aliyejua, akawa ananipikia vizuri bila kuniambia kwa nini.

Miaka miwili baadaye patron alinunua gari jingine la Uingereza, dogo, la mzigo. Mekanisiani alikuwa ndani akilitazama, nami nikipita na makaratasi nikamwuliza kwa utani kama hili nalo linajua mwisho wake.

"Mama, hii compteur si ya kilometa," alinijibu. "Ni ya miles. Angalia, baliandika hapa chini: MPH. Mia ya Baingereza ni mia na makumi sita yetu."

Nililazimika kukaa juu ya sanduku la misumari. Mia na sitini! Tulikuwa tumempima mmoja mpaka mlangoni na mwingine mpaka mlima wa pili, tukaita vyote mia kwa sababu kinywa chetu kina neno moja. Nilirudia asubuhi ile yote kichwani. Mia yetu ilikuwa pale sindano ilipopita sitini kidogo, na pale nilikuwa nimetazama chrono: tisa. Ukiongeza hata ile sekunde niliyoiba, ni kumi, na gari jeusi lilichukua kumi na moja. Alikuwa ameshinda. Alishinda kihalali, bila wizi wangu, nami nikamwandikia kushindwa na kumpeleka Kampala kwa mkono wangu. Mimi, binti wa chronomètre. Nililia pale dépôt mbele ya mekanisiani, akadhani kuna habari ya msiba.

Tangu siku ile nilikuwa na deni la neno moja: nisamehe, sikuona. Nililibeba nilipoolewa na mwalimu wa kwaya yetu, mtu mwema, sina la kumlalamikia. Nililibeba tulipohamia Beni, nikaanza kufundisha hesabu. Vita vilibadilisha majina na askari wakabadilisha kofia, nami bado nilikuwa nalo.

Kisha Chauffeur wangu akaja. Alikuwa amefika kununua kakao ya Oicha, akasikia ninafundisha karibu na soko, akanitumia salamu kwa mwanafunzi. Tulikutana mchana, kwenye malewa, kibanda cha chakula cha mama mmoja anayepika sombe nzuri ya majani ya mihogo, benchi mbili na meza ya mbao. Alikuwa amenenepa. Alinionyesha picha za mke wake wa Kampala na watoto watatu, na wa kwanza alikuwa na paji lake la uso. Nilizitazama picha zote. Chai ikaja. Nikavuta pumzi nianze lile neno langu.

Yeye akaanza kwanza.

"Secrétaire, kuko kitu naulizaka moyo yangu tangu zamani. Hapana kukasirika. Kule Rughenda, nilijua ile compteur iko ya miles. Niliendesha ile gari tangu Kampala, ningekosa kujua aje? Na wewe makaratasi yake yote ya Kiingereza ilipita mu mikono yako. Nikajua tunajua bawili. Sindano ilipita makumi sita, nikakuangalia uite. Ukacheka kidogo, ukanyamaza. Makumi nane, ukanyamaza. Ningesema mimi, ningekuita muongo mbele ya patron na batu yote. Ukaandika, ukafunga kitabu. Njo nikajiambia: sawa, amechagua kanisa ya mama yake. Anataka niende."

Nilirudisha kikombe mezani. Miaka yote hiyo nilidhani nimempoteza kwa kutoona. Kumbe alikuwa ananingoja. Kwa sekunde kumi, pale kwenye udongo mwekundu, alikuwa amenipa maisha yake niyaite kwa jina, nami nikamtabasamia na kungoja namba.

"Nilikukasirikia mwaka muzima," aliendelea. "Kisha nikaona, hapana, ulifanya vizuri. Ulinifungulia njia. Ningebakia hapa, pengine ningekuwa nimekufa. Ule shemasi, balimuua mu barabara, si unajua? Mke yangu, batoto, yote ilitoka pale. Donc nataka kusikia tu na kinywa yako. Uliona, hapana?"

Picha za watoto zilikuwa bado mezani. Nilikuwa na ukweli wangu, nimeutunza kama nguo ya sikukuu, na ulikuwa mzuri kwangu: ungenisafisha. Yeye ungemfanyia nini? Angerudi kwake na kumtazama mke wake akijua kwamba nyumba yake yote imesimama juu ya msichana asiyesoma herufi tatu, na kwamba asubuhi ile tulikuwa tunapendana wote wawili hadi mwisho wa uwanja. Nilimpenda pale mezani kama nilivyompenda siku ya shati jeupe. Nasema wazi, nilimpenda.

"Niliona," nikamwambia.

Alishusha pumzi, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Wasingya," alisema kwa lugha yetu ya nyumbani, asante. "Nilitaka tu kujua." Alimaliza chai yake, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda kusimamia watu waliokuwa wakimpakilia kakao.

Nilibaki nimekaa. Baadaye mama wa malewa alikuja kufuta meza, akaniuliza kama kuna mtu mwingine ninayemngoja. Nikamwambia hapana.